Kutoka njia panda ya Lurambi hadi Berlin, mji unaoandika kila kitu

Ukitoka Kakamega mjini kuelekea Webuye utafika Lurambi, na hapo ndipo barabara ya Mumias inapochepuka kushoto. Mgeni akiwauliza vijana wa bodaboda wa njia panda hiyo nyumba ya fulani, hataambiwa jina la mtaa wala nambari. Ataambiwa apite kanisa, ashuke penye mikaratusi, kisha aulizie kwa mama muuza mandazi. Na atafika.

Mapema mwaka wa 1890, kabla barabara hiyo haijafikiriwa, Mjerumani aliyeitwa Carl Peters alipiga kambi Mumias, kwenye makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Mwaka uliotangulia alikuwa ameteremka pwani karibu na Lamu, akawakwepa Waingereza waliokuwa wakilinda bahari, akaufuata mto Tana hadi bara huku akitwaa mifugo na kuwamiminia risasi waliomzuia. Mumias alikuta barua za Mwingereza Frederick Jackson, ambaye wakati huo alikuwa ametoka kwenda upande wa Mlima Elgon. Akazifungua na kuzisoma. Humo akagundua kwamba Kabaka Mwanga wa Buganda alikuwa akiomba msaada. Akafunga mizigo, akamtangulia Jackson na kutia saini mkataba na Mwanga.

Mkataba huo haukuishi. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo, Ujerumani na Uingereza ziliketi zikagawana upya sehemu hii ya dunia. Ujerumani ikaachilia Witu na madai yake ya Uganda, ikapewa kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini. Lau si karatasi hiyo, huenda babu zetu wa Butsotso na Wanga wangechapwa viboko shuleni kwa kukosea Kijerumani badala ya Kiingereza.

Nusu karne baadaye, mwaka wa 1939, serikali ya Wanazi ililibandika jina la Peters kwenye barabara moja ya kaskazini mwa Berlin. Nilipopata nafasi ya kuutembelea mji huo, wenyeji wangu walidhani nitataka kuanza na Lango la Brandenburg, kama watalii wote. Mimi nilitaka kwanza kuiona barabara ya mtu aliyesoma barua za wenyewe kule kwetu.

Jina mlangoni

Berlin ina wakazi wapatao milioni 3.7, na wengi wao wanaishi katika majengo ya orofa tano au sita yaliyoshikana bega kwa bega. Mwenyeji wangu, muuguzi mzaliwa wa Butsotso ambaye huniita khotsa, yaani mjomba, kwa kuwa mama yake ni wa ukoo wetu, alinitumia anwani yake kabla sijaondoka nyumbani. Mtaa, nambari ya jengo, basi. Nambari ya mlango haikuwamo.

Nilipofika nilielewa. Kwenye lango la jengo kuna safu za vitufe vya kengele, na kando ya kila kitufe jina la ukoo wa anayeishi humo. Nyumba nyingi za mji huo hazina nambari za milango. Barua hufika kwa kusoma majina. Ukihamia nyumba na usibandike jina lako kwenye kengele na sanduku la barua, mpeleka barua atarudi nazo zote, zikiwamo za benki na za idara ya uhamiaji.

"Khotsa, hapa kama hujaandikwa, hupo," aliniambia huku tukipanda ngazi. Alikuwa akizungumzia sheria inayomtaka kila anayehamia nyumba kwenda katika ofisi ya serikali ndani ya majuma mawili kusajili makazi yake. Bila cheti hicho mambo mengi hukwama: akaunti ya benki, nambari ya kodi, hata kadi ya maktaba. Kwetu mtu hujulikana kwanza, karatasi ikafuata. Huko karatasi hutangulia, na kujulikana ni bahati ya mtu na jirani zake.

Nilitembea na wazo hilo siku zote nilizokuwa Berlin. Karibu kila nilichokiona, cha kupendeza na cha kuudhi, kilitokana na tabia hiyo moja ya kuandika.

Chukua usafiri. Treni za chini ya ardhi ni za manjano, zina nambari, na kila kituo kina ubao unaoonyesha dakika zilizobaki. Hakuna utingo, hakuna anayepiga kelele, hakuna mlango wa kukuzuia ukiingia bila tiketi. Unanunua, unapiga muhuri kwenye kisanduku kidogo, unapanda. Mwanzoni nilidhani nchi nzima imeamua kuaminiana. Kisha siku moja mwanamume aliyevaa jaketi kuukuu, aliyeonekana kama abiria yeyote, akasimama milango ilipofunga na kutoa kitambulisho. Alikuwa mkaguzi. Kijana mmoja hakuwa na tiketi. Hapakuwa na kubembelezana wala "tusaidiane, mkubwa." Mkaguzi aliandika jina na anwani yake kwenye mashine, akampa karatasi ya faini ya euro 60, wakashuka pamoja kama watu waliotoka kununua mkate. Imani ipo, ila imeshikiliwa na rejista.

Msomaji asije akadhani kila kitu huko hukimbia kwa saa. Uwanja wa ndege wa Berlin ulitarajiwa kufunguliwa mwaka wa 2011, ukafunguliwa mwishoni mwa Oktoba 2020. Na mwaka wa 2024, zaidi ya theluthi moja ya treni za masafa marefu nchini Ujerumani zilichelewa, ijapokuwa kwa hesabu yao treni haihesabiwi kuwa imechelewa mpaka ifikishe dakika sita. Nilisimama kituoni na wazee wa Kijerumani waliokuwa wakilalamikia reli yao kwa uchungu ule ule ambao watu wa Kakamega huutumia kuisema serikali ya kaunti. Tofauti ni kwamba hata uchelewaji wao huandikwa, ukahesabiwa, ukachapishwa gazetini.

Chupa, Jumapili na mahindi

Ukinunua maji au soda katika duka la Berlin, unalipa pia dhamana ya chombo: senti 25 kwa chupa nyingi za plastiki na mikebe, senti 8 kwa chupa ya kawaida ya bia. Ukirudisha, mashine huimeza na kukupa risiti ya kurejeshewa pesa zako. Kwa hiyo barabarani huoni chupa nyingi zikizagaa. Unachokiona ni wazee wenye mikoba na toroli wakipekua mapipa ya taka ya kituo. Mara nyingi mtu akimaliza kinywaji chake huiacha chupa kando ya pipa, wima, ili mwokotaji asiingize mkono kwenye uchafu. Nilimtazama bibi mmoja aliyevaa koti safi na kofia akifanya kazi hiyo pole pole, kutoka pipa hadi pipa. Nchi tajiri pia ina wazee ambao pensheni haifiki mwisho wa mwezi, na hilo haliandikwi kwenye vijitabu vya watalii.

Jumapili maduka hufungwa. Supamaketi, maduka ya nguo, maduka ya vyuma, yote. Vituo vikubwa vya treni vina maduka yanayofunguliwa, na vibanda vya pembeni huuza bia na sigara, lakini aliyesahau kununua unga Jumamosi atajua hajui. Kelele nazo ni mwiko: kuanzia saa nne za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili kutwa, hutakiwi kutoboa ukuta wala kuburudisha mtaa kwa muziki. Mpwa wangu aliwahi kuletewa kijikaratasi mlangoni, cha adabu kabisa, kikimwomba apunguze sauti ya redio. Jirani aliyekiandika anaishi mkabala naye na hajawahi kumsalimu. Nikafikiria matanga ya kwetu, na ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka wa 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Pale Berlin isukuti ingelindwa na polisi, kwa maana nyingine.

Chakula hakikunishinda. Mkate wao ni mzito, mweusi, wenye uchachu kidogo, na ukiuzoea unaona ule wa kwetu wa mraba ni pamba. Kebabu ya Waturuki ndiyo chakula cha mji, mchana na usiku wa manane. Waturuki walioletwa kufanya kazi viwandani tangu miaka ya 1960 ndio walioifanya iwe hivyo. Kilichonitatiza ni mahindi. Kutoka dirishani mwa treni, nje ya Berlin, niliona mashamba ya mahindi marefu, yamenawiri, hakuna gugu. Nikamuuliza mpwa wangu ugali wake ukoje. Akacheka. Mahindi mengi ya Ujerumani hukatwa mabichi, shina na vyote, yakawa lishe ya ng'ombe au malighafi ya kutengenezea gesi. Unga wa ugali yeye huununua katika duka la Waafrika mtaani Wedding, na mboga ya mrenda akiipata ni kavu, kwenye pakiti. Mluhya anayekaa kando ya ekari kwa ekari za mahindi akinunua unga kwa kilo ana haki ya kushangaa.

Si mgeni wa kwanza

Habari za Berlin kwa Kiswahili hazianzi na makala hii. Mwaka wa 1887 mji huo ulifungua chuo cha lugha za mashariki, ili maofisa na wafanyabiashara waliokuwa wakienda makoloni wajifunze Kiswahili kabla ya kupanda meli. Walimu waliitwa kutoka kwetu. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha hapo mwanzoni mwa miaka ya 1890, akaandika maisha yake na aliyoyaona Berlin. Baada yake alikuja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa upande wa Bagamoyo, mwaka wa 1900. Ndiye ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka wa 1903, na wataalamu wangali wanayategemea.

Kisa cha Mtoro kingefaa kuwekwa kwenye kila kijitabu cha utalii. Alioa mwanamke Mjerumani, akapanda naye meli kurudi nyumbani mwaka wa 1905. Walipofika pwani ya Tanganyika, serikali ya kikoloni iliwakataza mke na mume hao wasishuke pamoja. Mwalimu aliyewafundisha Wajerumani lugha ya nchi yake alirudishwa Ulaya kutoka mlangoni pa nchi yake. Akaishi Ujerumani hadi alipofariki Berlin mwaka wa 1927.

Nilipokuwa nikipita mitaa ya katikati ya mji nilijaribu kuutazama kwa macho ya watu hao. Lango la Brandenburg lilikuwapo walipofika. Lilijengwa kati ya 1788 na 1791. Juu yake kuna sanamu ya mungu wa kike akiendesha gari la farasi wanne. Mwaka wa 1806 Napoleon aliteka mji, akaing'oa sanamu hiyo na kuipeleka Paris. Mwaka wa 1814, baada ya Napoleon kushindwa, Wajerumani wakaifuata na kuirudisha kwa shangwe. Wanajua, basi, uchungu wa kuporwa kitu cha fahari na raha ya kukipokea tena.

Hilo lilikuwa akilini mwangu nilipoingia katika jumba la makumbusho ya viumbe asili. Katika ukumbi mkuu amesimama mfupa kwa mfupa mjusi mkubwa wa kale, mwenye kimo cha mita 13.27, na watoto wa shule huinua shingo mpaka kofia zinawaanguka. Mifupa hiyo ni ya Tendaguru, karibu na Lindi. Kati ya 1909 na 1913 jumba hilo lilichimba huko, na wachapakazi wa Kiafrika, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, waliifukua, wakaifunga kwa udongo na mianzi, wakaibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Watu hao ndio kwanza walikuwa wametoka katika vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata, ambapo inakadiriwa watu kufikia 300,000 waliangamia. Mjusi amesimama wima Berlin hadi leo. Waliombeba walilipwa ujira mdogo.

Mtaa wa Wilhelmstraße nao nilikwenda kuuona. Hapo ndipo lilipokuwa jumba la Kansela Bismarck, ambamo wajumbe wa mataifa ya Ulaya na wengine walikutana kutoka Novemba 1884 hadi Februari 1885 kupanga masharti ya kuigawana Afrika. Jumba halipo tena. Kuna majengo ya makazi, baiskeli zimefungwa kwa minyororo, na bango la maelezo kando ya njia. Nililisoma lote. Watu walipita nyuma yangu na mifuko ya supamaketi.

Barabara ya Peters

Mtaa wa Kiafrika uko Wedding, kaskazini mwa mji, na hata kituo chake cha treni kina jina la Afrika. Majina ya kwanza yalibandikwa mwaka wa 1899: barabara ya Kamerun na ya Togo, makoloni mapya ya wakati huo. Baadaye yakaongezwa mengine. Leo unaweza kutoka barabara ya Uganda ukaingia ya Kongo, ukafika ya Zanzibar, ya Tanga na ya Usambara bila kutoa pasipoti. Mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alikuwa amepanga kujenga hapo bustani ya kuonyesha wanyama na watu wa makoloni. Vita vya 1914 vikavuruga mpango. Majina yakabaki, bila wanyama na bila watu, mpaka Waafrika wenyewe walipokuja miaka mingi baadaye kwa hiari yao na kufungua saluni, mikahawa na maduka ya unga.

Kinachomvutia mtu wa shamba katika mtaa huo ni vishamba. Wajerumani wa mjini wana desturi ya kukodi kipande cha ardhi chenye kibanda, kisichozidi mita mraba 400, na sheria inataka sehemu kama theluthi ilimwe mboga au matunda. Hairuhusiwi kuhamia humo. Nilichungulia juu ya ua: stroberi, maharagwe, mtufaha mmoja, kiti cha kujinyoosha, na mzee mwenye kaptula akipalilia mistari iliyonyooka kupita kiasi. Alinipungia mkono. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba kwetu Kakamega maharagwe hupandwa kati ya mahindi. Alifikiri kidogo, akasema kwamba chama chao kina kanuni kuhusu urefu wa mimea.

Barabara niliyoitafuta ilikuwa karibu hapo. Hadithi yake ni ndefu kuliko urefu wake. Jina la Peters liliwekwa mwaka wa 1939, ingawa serikali ya Ujerumani yenyewe ilikuwa imemfukuza kazi mwaka wa 1897 kwa kuwanyonga Waafrika katika kituo chake karibu na Kilimanjaro. Huko watu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka wa 1986, malalamiko yalipozidi, wakuu wa mtaa walipata ujanja: bango likaachwa vile vile, ila ikatangazwa kwamba Peters anayekusudiwa sasa ni mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Herufi hazikuguswa.

Lakini wapo waliokataa. Waberlin wenye asili ya Afrika na wenzao waliandika barua, wakaongoza wageni katika matembezi ya mtaa, wakahudhuria vikao. Mwaka wa 2016 halmashauri ilikubali kubadilisha. Baadhi ya wakazi wakapeleka pingamizi na kesi. Wengine walisema wanachukia usumbufu wa kubadilisha anwani, na katika mji ule nilishaelewa kwamba usumbufu huo ni wa kweli. Hatimaye tarehe 23 Agosti 2024 mabango mapya yalifunuliwa. Kipande kimoja kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka wa 1959 katika maandamano ya kupinga kuhamishwa. Kipande cha pili kinaitwa Maji-Maji-Allee.

Nilisimama chini ya bango hilo la pili kwa muda. Ni barabara ya kawaida kabisa, yenye miti na magari yaliyoegeshwa. Mwanamke aliyekuwa akimtembeza mbwa aliniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana. Miezi kadhaa kabla ya bango kufunuliwa, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alikuwa ameenda Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda watu wa huko katika vita vya Maji Maji. Upande wa pili wa mji, Neukölln, barabara iliyoitwa kwa jina la Hermann von Wissmann, aliyeuzima upinzani wa Abushiri pwani ya Tanganyika, tangu mwaka wa 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße, jina la mwanasiasa wa Kilimanjaro aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika unaibu waziri nchini mwake.

Jiwe la Brunnenstraße

Kuna maandishi mengine Berlin ambayo huyaoni usipoinama. Ni vijiwe vya mraba vyenye uso wa shaba, upana wa sentimita 10, vilivyopachikwa kwenye njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba ambamo watu waliouawa na Wanazi waliishi. Msanii Gunter Demnig alianza kazi hiyo miaka ya 1990, na kufikia 2023 vilikuwa vimefika 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya. Vingi ni vya Wayahudi. Kimoja, mbele ya nambari 193 ya Brunnenstraße, ni cha mtoto wa Dar es Salaam.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa mwaka wa 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe alitumika akiwa mvulana katika vita vya kwanza vya dunia. Mwaka wa 1929 alifika Berlin na kuidai serikali mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Akaambiwa amechelewa. Alibaki, akijulikana kama Bayume Mohamed Husen, akaoa Mjerumani, akafanya kazi ya kuhudumu katika mkahawa mkubwa wa Potsdamer Platz, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza sehemu ndogo ndogo katika filamu. Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka wa 1941. Inaitwa Carl Peters, na humo Husen aliigiza kama kiongozi wa njia wa Peters. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Kijiwe hicho kiliwekwa mwaka wa 2007. Kina jina lake, mwaka aliozaliwa na namna alivyokufa. Ili kuyasoma maandishi ni lazima uinamishe kichwa, na nilimwona msichana mwenye simu sikioni akikikwepa kwa hatua moja bila kukatiza mazungumzo yake, kama anavyofanya bila shaka kila siku.

Kaburi la kukodi

Jioni moja tulipita makaburini, kwa kuwa njia ya kwenda kwa mpwa wangu inakata hapo. Pazuri mno: miti mikubwa, mabenchi, makopo ya kumwagilia maua yaliyopangwa kwenye ndoano. Nikaona kibandiko juu ya jiwe moja, kikiwataka jamaa wa marehemu wafike ofisini.

"Muda umekwisha," mpwa wangu akaeleza. "Khotsa, hapa hata kaburi ni la kukodi. Miaka ishirini. Wasipolipia tena, jiwe linang'olewa, anazikwa mwingine."

Hilo lilinishtua kuliko baridi. Kwetu Butsotso kaburi la babu liko nyuma ya nyumba, na mara nyingi ndilo hati ya shamba. Jirani akileta ubishi juu ya mpaka, unamwonyesha aliyelala. Hatumwandiki mtu kwenye rejista, lakini hatumhamishi. Wajerumani wameandika kila kitu, kisha udongo wenyewe wakaupangishia zamu. Nilimuuliza mpwa wangu kama angekubali kuzikwa huko. Alisema amekata bima inayorudisha mwili nyumbani, na kwamba karibu kila Mkenya anayemjua amefanya hivyo au anachangishiana na wenzake.

Wengine wengi wako njiani kumfuata Ujerumani. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya kurahisisha safari za Wakenya wenye ujuzi wanaotafuta kazi huko. Vijana wanakesha na vitabu vya Kijerumani, wakipanda ngazi kutoka A1 hadi B2, kwa sababu bila B2 muuguzi haruhusiwi kushika wadi kwa cheti chake kamili. Kwao nina neno moja la msafiri. Nidhamu mtakayoikuta si ya damu. Ni ya rejista, na rejista huandika chochote itakachopewa: faini ya euro 60, kaburi la miaka ishirini, jina la muuaji kwenye barabara kwa miaka themanini na mitano. Maji Maji haikufika kwenye bango la Wedding kwa sababu Wajerumani ni watu wa utaratibu. Ilifika kwa sababu watu wenye asili ya Afrika walizisumbua ofisi mpaka zikachoka.

Peters naye aliandika. Kitabu chake kuhusu safari ile kilichapishwa mwaka wa 1891, na mpaka leo anayetaka kujua jinsi kambi yake ilivyopokelewa Mumias husomeshwa maneno yake mwenyewe. Nabongo Mumia aliishi hadi mwaka wa 1949. Aliwaona Joseph Thomson, Askofu Hannington, misafara ya Waswahili wa pwani, kisha Waingereza na bendera yao. Waliozungumza naye wakiwa watoto wamebaki wachache, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote mwenye kalamu. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko hapo hapo Lurambi, kando ya barabara ya Webuye, na matatu za Mumias huita abiria njia panda kutwa nzima. Mwanafunzi mwenye simu ya kurekodi anaweza kwenda asubuhi, akamsikiliza mzee mmoja hadi mwisho, akaandika jina lake, siku na alichosema, akarudi kabla ya giza. Kazi hiyo haihitaji viza.